Kampuni Kubwa au Mwajiri Mdogo: Ulinganisho kwa Anayetafuta Kazi Mwanza

Mtu anayetafuta kazi Mwanza hukutana na waajiri wa aina mbili. Wapo wakubwa: benki na kampuni za simu ambazo makao makuu yake yako Dar es Salaam, viwanda vya bia na soda, viwanda vya minofu ya sangara, na migodi ya dhahabu ya Geita na Kahama ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikichukua mafundi, madereva na wahasibu kutoka jijini. Wapo pia wadogo, ambao kwa idadi ni wengi zaidi: duka la vifaa vya uvuvi Kirumba, karakana ya uchomeleaji Nyakato, ofisi ya wahasibu wanne katikati ya jiji, kampuni ya familia yenye malori matatu, zahanati binafsi Buzuruga. Kijana aliyemaliza shahada yake chuo kikuu cha SAUT, Malimbe, au mafunzo ya ufundi VETA akipata nafasi kwa mkubwa, ndugu zake humpongeza kabla hawajauliza masharti. Akipata kwa mdogo, humwambia ajishikize hapo huku akiendelea kutafuta kazi. Hukumu zote mbili hutolewa haraka mno, na anayekuja kuzilipia ni kijana mwenyewe.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Ukubwa wa kampuni haumsaidii mfanyakazi mpaka jina la kampuni hiyo liandikwe kwenye mkataba wake yeye mwenyewe, na mpaka awe na hakika kwamba anachojifunza ndani kitamfaa siku atakapotoka. Masharti hayo mawili yakitimia, kampuni kubwa ni mahali pazuri pa kuanzia, na kwa wengine ni mahali pazuri pa kustaafia. Yasipotimia, mwajiri mdogo anayefuata sheria ni bora kuliko mkubwa anayekuweka getini kwa miaka.

Hesabu ya mshahara

Tuanze na fedha, kwa kuwa ndiko watu wengi huanzia na ndiko hesabu hukosewa zaidi. Tuchukue mfano wa mhasibu kijana aliyeahidiwa shilingi 800,000 kwa mwezi na kampuni kubwa, na shilingi 600,000 mkononi na mwajiri mdogo asiyemwandikisha popote. Kwenye hati ya mshahara ya kampuni kubwa, mstari wa kwanza wa makato utakuwa mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wa asilimia 10, yaani shilingi 80,000. Kodi ya mapato hukokotolewa kutoka kwenye kinachobaki, ambacho ni shilingi 720,000: shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi kodi, 250,000 zinazofuata hutozwa asilimia 8, na 200,000 zilizobaki hutozwa asilimia 20, hivyo kodi yote ni shilingi 60,000. Kinachoingia benki ni shilingi 660,000. Kama kijana huyu alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, hukatwa pia asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani shilingi 120,000, na anachobaki nacho ni shilingi 540,000. Akikutana jioni na mwenzake aliyeajiriwa dukani, mwenye 600,000 taslimu, atajiona yeye ndiye aliyepunjwa.

Hati ileile, hata hivyo, ina mstari ambao wengi hawausomi, kwa sababu fedha yake haipiti mikononi mwao. Mwajiri naye huchangia NSSF asilimia 10, kwa hiyo kila mwezi shilingi 160,000 huingia kwa jina la mfanyakazi. Kwa miaka mitatu, hata mshahara usipopanda, michango hiyo hufika shilingi 5,760,000, na muda huo huo huhesabiwa katika miezi 180 ya uchangiaji inayohitajika ili mtu astahili pensheni ya uzee. Deni la Bodi ya Mikopo nalo linapungua mwezi hadi mwezi, wakati deni la mwenzake wa dukani liko palepale likimsubiri. Ukijumlisha yote, tofauti ya kweli kati ya kazi hizi mbili ni kubwa kuliko inavyoonekana mfukoni, na iko upande ambao vijana wengi hawautazami.

Si haki, lakini, kumlinganisha mkubwa anayefuata sheria na mdogo anayeikwepa, kisha kusema tumelinganisha ukubwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haibagui duka na mgodi. Wajibu wa kumwandikisha mfanyakazi NSSF unamhusu mwajiri wa watu watatu kama unavyomhusu mwajiri wa watu elfu tatu, na vivyo hivyo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao huchangiwa na mwajiri peke yake bila kugusa mshahara wa mfanyakazi, na ambao ndio unaomlipa fundi aliyekatwa kidole na mashine. Mwajiri mdogo akilipa shilingi 600,000 kwa utaratibu huo, mfanyakazi atapokea takriban shilingi 516,000 baada ya mchango na kodi, lakini shilingi 120,000 zitakwenda kwenye mfuko wake kila mwezi. Mimi ningechagua 516,000 hizo kuliko 600,000 za mkononi bila kusita, na ningemshauri mdogo wangu afanye vivyo hivyo.

Jambo la pili kuhusu fedha ni siku zinapofika. Kwenye kampuni kubwa mshahara huingia benki tarehe inayojulikana, na kwa sababu hiyo mtu anaweza kupanga nyumba, kulipa ada na kukopa. Kwa mwajiri mdogo wa mwambao wa ziwa, mshahara hufuata mzunguko wa biashara, na sehemu kubwa ya biashara yetu hufuata mwezi wa angani. Wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza kwa kutumia taa. Mbalamwezi ikiwa kali, mitumbwi mingi hubaki nchi kavu, na pale sokoni Kirumba Mwaloni mzigo hupungua. Duka linalouza nyavu, kamba na taa hulala njaa siku hizo. Mfanyakazi hupewa shilingi 100,000 leo, 50,000 Ijumaa, na kuhusu kilichobaki huambiwa na bosi wake, kwa upole kabisa, "Mwanangu, vumilia, giza likiingia tutakamilishana." Mara nyingi mzee huyo husema kweli na hutimiza. Lakini mwenye nyumba wa Igoma anayedai kodi ya miezi sita hahesabu siku zake kwa mbalamwezi.

Ucheleweshaji huo una chanzo kingine ambacho hakizungumzwi sana. Kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini za mwaka 2018 zimewafungulia mlango wafanyabiashara wengi wa Mwanza kuuza bidhaa na huduma migodini: chakula, sare, usafiri, vipuri, uchomeleaji. Ni jambo jema. Hata hivyo mteja mkubwa hulipa kwa ankara, na ankara inaweza kukaa siku 30, 60 au 90 kabla haijalipwa. Kwa muda wote huo mwajiri mdogo anawalipa watu wake kutoka mfukoni au kwa mkopo. Kwa hiyo mtu anayechagua kampuni ndogo inayotegemea mteja mmoja mkubwa asidhani amejitenga na mambo ya kampuni kubwa; amesimama tu mwisho wa foleni yake ya malipo.

Jina lililo kwenye mkataba

Hapa ndipo ningependa msomaji atulie zaidi, kwa sababu ndipo watu wengi wa jiji hili wanapoumia bila kuelewa kilichowapata. Mtu anaweza kuvaa sare yenye nembo ya kampuni kubwa, akapanda basi la wafanyakazi alfajiri, akawa na kitambulisho kinachofungua mlango wa kiwanda, na bado asiwe mwajiriwa wa kampuni hiyo hata kwa siku moja. Mkataba wake unasema ameajiriwa na wakala, na kampuni anayoifanyia kazi inaitwa humo "mteja". Bonasi ya mwisho wa mwaka ikitangazwa, haimhusu. Mafunzo yakija, hupelekwa wengine kwanza. Mkataba wa hali bora ambao chama cha wafanyakazi kimeujadili na menejimenti humpita pembeni, kwa sababu yeye si mfanyakazi wa menejimenti hiyo. Mteja akimwambia wakala kwamba hamhitaji tena, yeye hurudishwa kwa wakala, na wakala humwambia asubiri simu.

Chini yake yupo kibarua, yule ambaye wenyewe humwita deiwaka. Katika kazi zinazotegemea samaki, mzigo wa siku ndio unaoamua wangapi waingie. Boti zikileta sangara wa kutosha, watu huitwa ndani kwa majina. Zisipoleta, waliokwisha kutoka Igoma au Kishiri kwa nauli yao hugeuka na kurudi. Kusema kwamba mtu wa namna hiyo "anafanya kazi kampuni kubwa" ni kweli kwa maneno tu. Haki zilizo nyingi katika sheria hujengwa juu ya muda wa ajira unaoendelea, na ajira yake huvunjika na kuanza upya kila kukicha. Mtu ambaye hajatimiza miezi 6, kwa mfano, hawezi kulalamika chini ya masharti ya kuachishwa kazi isivyo haki. Na malipo ya kiinua mgongo ya kisheria humtaka mtu awe amefanya kazi mfululizo kwa miezi 12.

Sisemi kwamba kazi ya wakala ikataliwe siku zote. Kwa fundi asiye na uzoefu wowote, mwaka mmoja ndani ya kiwanda kikubwa, hata kwa njia hiyo, unaweza kumpa ujuzi ambao hangeupata kwingine. Ninachosema ni kwamba hilo lisilinganishwe na ajira ya moja kwa moja, wala lisiwekwe juu ya ajira ya kudumu kwa mwajiri mdogo mwenye mkataba wa maandishi. Ukiwa na karatasi mbili mezani, moja ya wakala kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu ndani ya kampuni yenye jina, na nyingine ya karakana ya watu 12 inayokuandikisha NSSF tangu mwezi wa kwanza, chukua ya karakana.

Unachojifunza ndani

Tuwatazame watu wawili wa fani moja. Fundi wa majokofu katika kiwanda kikubwa cha minofu hushughulika na kompresa kubwa, mara nyingi za amonia, na vyumba baridi ambavyo havitakiwi kupoteza baridi hata usiku wa manane. Kuna daftari la kumbukumbu ambamo husoma na kuandika shinikizo na joto kila baada ya muda uliopangwa. Kuna barakoa za kujikinga na gesi, kuna zoezi la kutoka nje king'ora kikilia, na kuna mfumo wa usalama wa chakula wa HACCP unaotakiwa na wanunuzi wa Ulaya, ambao humlazimu kila mtu aandike alichofanya na saa aliyofanya. Baada ya miaka minne fundi huyu anaijua mitambo ya aina yake kwa undani, ana vyeti vya mafunzo vinavyoeleweka Kisumu na Jinja, na amezoea nidhamu ya maandishi ambayo mafundi wengi wa mtaani hawana.

Mwenzake aliye katika kampuni ndogo ya watu sita hutengeneza mashine ya barafu asubuhi, jokofu la chanjo la zahanati mchana, na jioni yuko chini ya lori la kubebea samaki akitafuta gesi inapovujia. Hajawahi kupewa cheti, na barakoa yake ni kitambaa. Lakini anajua bei ya kompresa katika maduka matatu ya jijini, anajua namna ya kumwambia mteja gharama bila kumkimbiza, anajua nani hulipa na nani huahidi, na wateja wana namba yake ya simu. Mimi naona tofauti hii ndiyo kubwa kuliko zote katika ulinganisho mzima, kuliko hata ile ya mshahara: wa kwanza anaweza kuajiriwa tena kwa urahisi, wa pili anaweza kujiajiri kwa urahisi. Anayechagua anapaswa kujiuliza ni lipi kati ya hayo analolitaka akiwa na miaka 35.

Kwa wahasibu tofauti hiyo ni kali zaidi. Kwenye kampuni kubwa kijana anaweza kukaa miaka mitatu akilinganisha ankara za wauzaji na hati za kupokelea mzigo, asiguse kodi, mishahara wala hesabu za benki. Kwenye ofisi ndogo atafanya vyote kabla ya mwaka kwisha: kuangalia ripoti za mashine ya risiti, EFD, kuwasilisha ritani za kodi TRA, kukokotoa mishahara, kuhesabu mali stoo, na kumweleza mwenye biashara kwa nini faida iliyo kwenye karatasi haipo kwenye droo. Hatari ya upande huo ni kwamba hakuna anayemkosoa. Kosa likifanywa mwezi wa kwanza hurudiwa hadi ligeuke kuwa utaratibu wa ofisi, na kijana hulibeba kama ujuzi mpaka siku atakapokutana na mkaguzi. Kampuni kubwa humpa mkubwa wa kumsahihisha, na nyingi huruhusu muda wa kufanya mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu. Mwajiri mdogo hataelewa kwa nini mhasibu wake pekee hayupo wiki nzima ya kufunga hesabu.

Cheo na uhamisho

Katika kampuni nyingi kubwa, Mwanza ni tawi. Jambo hili haliandikwi kwenye tangazo la kazi, lakini huamua maisha ya mtu. Unaweza kuanza kama ofisa mauzo, ukawa msimamizi, kisha meneja wa tawi, na kwa wachache meneja wa Kanda ya Ziwa. Baada ya hapo cheo kinachofuata kiko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara, na mtu mwenye nyumba Buswelu, mke au mume aliyeajiriwa hospitali ya Bugando na watoto shuleni hulazimika kuchagua kati ya familia na ngazi. Uhamisho unaweza pia kuwa wa kwenda Bukoba, Musoma au Kigoma, na kwa kawaida mkataba umeshaupa uongozi ruhusa ya kukuhamisha. Wapo wanaoupenda mwendo huo, hasa kabla ya kuoa au kuolewa, na uzoefu wa mikoa mitatu ni utajiri wa kweli. Kwa anayetunza wazazi Sengerema au Magu, hilo ni sharti zito kuliko mshahara, na anapaswa kuliuliza kabla ya kusaini.

Migodi ni habari tofauti kidogo. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, safari ya Geita haisubiri tena kivuko, na mfanyakazi wa zamu anaweza kuifanya familia yake iendelee kuishi Mwanza bila kupoteza nusu ya siku yake ya mapumziko kwenye foleni ya gari. Zamu zenyewe bado ni ngumu: usiku, vumbi, na siku kadhaa mfululizo mbali na nyumbani.

Kwa mwajiri mdogo hakuna uhamisho, na karibu hakuna cheo. Juu yako yupo mwenye mali, na baada yake watoto wake. Kinachochukua nafasi ya cheo ni kuaminiwa: kukabidhiwa funguo, kisha duka la pili, wakati mwingine hata hisa ndogo. Nimewaona watu waliofika mbali kwa njia hiyo, lakini wote walikuwa na makubaliano ya maandishi. Walioahidiwa kwa mdomo walibaki wakingoja.

Saa za kazi na likizo

Sheria inaweka saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku bila kuhesabu za ziada, saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, na likizo ya mwaka ni siku 28. Kampuni kubwa kwa kawaida hufuata haya kwa watu wake wa moja kwa moja, kwa sababu ina ofisi ya utumishi, ina chama cha wafanyakazi kama TUICO, na inaogopa kesi. Duka linalofunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa mbili usiku halifuati, hata mwenye duka akiwa mtu mwema.

Kwa wanawake sehemu hii ina uzito wa pekee. Likizo ya uzazi ni siku 84, au siku 100 kwa waliojifungua mapacha, na hulipwa. Kampuni yenye watu 300 huziba pengo hilo bila kutikisika. Mwajiri wa watu watano hulipa mtu ambaye hayupo na kumtafuta wa muda, na baadhi yao hutatua shida hiyo kwa kutomrudisha aliyejifungua. Ni kinyume cha sheria, na ni unyama, lakini hutokea, na mwanamke anayepanga kuzaa katika miaka michache ijayo ana sababu ya haki ya kulipatia jambo hili uzito wa kwanza. Vivyo hivyo kwa mwenye maradhi ya kudumu: siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, nusu yake kwa mshahara kamili na nusu kwa nusu mshahara, zina maana pale tu palipo na mtu wa kuzitekeleza.

Kampuni kubwa inapoanguka

Wanaosema kampuni kubwa ni salama hawajaitazama historia ya karibu ya kanda hii. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu zilizokuwa zikitumika kuvulia, na viwanda vya minofu vilivyotegemea soko hilo vilijikuta havina pa kuuza. Mwaka 2017 serikali ilizuia kusafirisha makinikia, yaani mchanga wenye madini, nje ya nchi, na mwezi Septemba mwaka huo wamiliki wa mgodi wa Bulyanhulu wakatangaza kupunguza shughuli zake, jambo lililowagharimu kazi watu wengi. Uzalishaji wa chini ya ardhi ulirejea baada ya makubaliano yaliyosainiwa Januari 2020 kati ya serikali na Barrick, ambayo yaliihusu pia Twiga, kampuni yao ya ubia. Buzwagi ulimaliza uzalishaji mwaka 2021 kwa sababu madini yake yalikwisha, kama ilivyo desturi ya kila mgodi. Katika mambo hayo matatu hakuna mfanyakazi aliyekosea. Maamuzi yalifanyika mbali naye, na bidii yake haikuhesabiwa.

Mwajiri mdogo huanguka kwa sababu za karibu zaidi: mwenye mali akifariki na ndugu wakagombana, lori likapinduka bila bima, mteja mkuu akahama. Mfanyakazi huziona dalili mapema, maana yuko ndani ya chumba kimoja na tatizo. Anajua stoo imepungua na anasikia simu za wadai. Wa kampuni kubwa huzisikia habari kwenye taarifa ya habari pamoja na majirani zake.

Hata hivyo, namna ya kuanguka ina tofauti inayompendelea mkubwa. Kupunguza wafanyakazi kisheria kunahitaji taarifa na mashauriano. Aliyelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku 28 au malipo badala yake. Kiinua mgongo ni angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka 10. Na ukiachishwa mahali pasipo pale ulipoajiriwa, mwajiri hugharamia usafiri wa kukurudisha na mizigo yako. Kampuni kubwa ina mali na jina la kulinda, kwa hiyo madai yakifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, mara nyingi kuna cha kulipwa. Duka lililofungwa linaweza kuacha hukumu isiyo na wa kuitekeleza. Kwa yeyote kati yao, malalamiko ya kuachishwa kazi yafikishwe CMA ndani ya siku 30, na ni huzuni kuona ni wangapi hupoteza haki kwa kungoja bosi apoe.

Nani aende wapi

Kwa kijana asiye na mtegemezi, mwenye taaluma inayotambulika, na aliyepewa mkataba wa moja kwa moja, ningesema aende kwa mkubwa kwa miaka mitatu hadi mitano, aombe kuhamishwa idara kila anapoweza, na asikope kwa dhamana ya mshahara mkopo mrefu kuliko mpango wake wa kukaa. Mkopo huo ndio unaowafunga wengi: mtu huchukua fedha za miaka sita akanunua gari, kisha hawezi kuacha kazi hata anapokuwa amejifunza yote yanayofunzika pale. Kwa mwenye familia na wazazi wa kutunza, na hasa mwanamke aliye katika miaka ya uzazi, utulivu wa kampuni kubwa una thamani inayozidi kasi ya kujifunza, alimradi sharti la uhamisho limeeleweka. Kwa anayejua tayari kwamba anataka biashara yake, miaka miwili kwa mwajiri mdogo mzuri ni shule ambayo kampuni kubwa haiwezi kuitoa, na atafute anayefanya biashara ileile anayoitaka yeye. Na kwa aliyezidi miaka 45 aliye na michango mingi NSSF, kuhama kokote kuanze na hesabu ya miezi iliyobaki kufikia 180, kabla ya hesabu ya mshahara mpya.

Kwa mwajiri wa ukubwa wowote, omba kuona mkataba kabla ya siku ya kuanza na usome jina la mwajiri lililo juu yake. Uliza mishahara ya mwezi uliopita ililipwa tarehe ngapi, na umuulize mfanyakazi, si meneja. Baada ya miezi miwili ya kwanza, nenda ofisi ya NSSF ukaombe taarifa ya michango yako, maana wapo waajiri, wakubwa na wadogo, wanaokata mchango kwenye hati ya mshahara na wasiupeleke. Pengo la miezi miwili hudaiwa kwa mazungumzo. Pengo la miaka minne hudaiwa kwa kesi. Na ukiondoka, usitoke bila hati ya utumishi, ambayo sheria inamtaka kila mwajiri akupe. Kwa mwajiri mdogo iandike wewe mwenyewe, ukitaja kazi ulizofanya na tarehe zake, umpelekee asaini na kugonga muhuri siku ambayo bado mnaongea vizuri.